Mungu wa Mshindi na wa Aliyebaki Nyuma

Jumapili ya tarehe 11 Februari 2024 wengi wetu tulitoka ibadani tukiwa na miadi ya usiku. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ilikuwa inachezwa Abidjan, kati ya wenyeji Ivory Coast na Nigeria, na kwa saa za huku kwetu ilianza saa tano usiku. Tulitazama sebuleni kwa majirani, kwenye mabanda ya kuonyesha mpira, na wengine kwenye simu huku watoto wamelala. Nigeria walitangulia kufunga, Ivory Coast wakasawazisha. Dakika ya 81 mpira ulipigwa kutoka upande wa kushoto, na Sébastien Haller akanyoosha mguu akausukumia wavuni. Mwaka mmoja na nusu kabla ya usiku huo, mtu huyu alikuwa ameambiwa na madaktari kwamba ana uvimbe wa saratani. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akapewa zile dawa kali za kuua saratani. Goli lake ndilo lililowapa Ivory Coast kombe. Tulishangilia hata sisi tusio na ndugu Abidjan, na wengi tulisema maneno yaleyale: Mungu ni mwema.

Asubuhi yake tukaamkia habari ya pili. Karibu saa ileile mpira ulipoanza, gari alilokuwa akiendesha Kelvin Kiptum liliacha njia karibu na Kaptagat, nchini Kenya. Kiptum alifariki pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana, raia wa Rwanda. Alikuwa na umri wa miaka 24. Oktoba iliyotangulia, katika mji wa Chicago, alikuwa amekimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi mpya ya dunia, na alikuwa akijiandaa kwenda Rotterdam mwezi wa Aprili kujaribu kushuka chini ya saa mbili. Aliacha mke na watoto wawili wadogo.

Mmoja alinyanyuliwa na mwingine alichukuliwa, usiku uleule. Ikiwa kwa ajili ya Haller tulisema Mungu ni mwema, kwa ajili ya Kiptum tulipaswa kusema nini? Tunaandika kuhusu mwaka ule wa michezo kwa sababu swali hili lilitufuata tangu Februari hadi Septemba. Tumegundua kwamba si swali la mpira na riadha tu. Ni swali la namna tunavyomsoma Mungu katika maisha ya watu wanaokaa nasi benchi moja kanisani.

Maombi ya pande zote mbili

Tuanze na jambo ambalo kila mtazamaji wa mpira analijua: pande zote mbili huomba. Kabla ya mechi wachezaji wa timu hii hushikana mikono na kufumba macho, na ng'ambo ya uwanja wapinzani wao hufanya vilevile. Akifunga huyu, ananyoosha vidole mbinguni. Akisawazisha yule, naye ananyoosha vidole mbinguni. Huwa tunatazama na kufurahi kwamba jina la Mungu limetajwa. Ni mara chache tunajiuliza tunachosema ni nini.

Katika mashindano yale Ivory Coast walikuwa karibu kurudi majumbani mapema, tena wakiwa wenyeji. Katika hatua ya makundi walifungwa na Nigeria, kisha wakafungwa na Guinea ya Ikweta mabao 4 kwa 0 mbele ya watu wao. Kocha wao, Jean-Louis Gasset, aliachishwa kazi mashindano yakiwa bado yanaendelea, na msaidizi wake Emerse Faé akashika timu. Walibaki na tumaini moja tu, kwamba Morocco waifunge Zambia. Morocco walishinda bao 1 kwa 0. Ivory Coast wakapita kama mmoja wa washindwa bora, na Zambia wakafunga mizigo.

Sasa tutafakari kidogo. Zambia ni nchi ambayo katiba yake inalitangaza taifa hilo kuwa la Kikristo. Morocco ni nchi ya Waislamu, ambayo wachezaji wake husujudu nyasini wakishinda. Ikiwa matokeo ya uwanjani ndiyo mizani ya imani, tutaisomaje mechi ile? Na sisi Watanzania tulikuwa katika kundi hilohilo. Tuliiombea Taifa Stars kwa dhati, jumuiya kwa jumuiya. Tulifungwa mabao 3 na Morocco, tukatoka sare na Zambia na sare na Kongo, tukarudi nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyehitimisha kwamba Mungu ameikataa Tanzania. Tulisema timu bado inajengwa. Lakini kama tungeshinda, tungesema nini? Tunapofungwa tunatafuta sababu uwanjani, na tunaposhinda tunazitafuta mbinguni. Tabia hii haina uaminifu, na ni vema tuikiri.

Kisha tarehe 7 Februari ikaja nusu fainali, Ivory Coast na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wimbo wa taifa la Kongo ulipopigwa, wachezaji wao walifunika midomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa, mfano wa bastola. Walikuwa wakiukumbusha ulimwengu juu ya ndugu zao wa mashariki ya Kongo, watu wanaouawa na kukimbia makwao huku wengine wakinyamaza. Wengi wa watu hao wanaomba kwa Kiswahili kama sisi. Ikiwa kulikuwa na timu iliyoingia uwanjani na machozi ya watu wake, ilikuwa ile. Walifungwa bao 1 kwa 0, na mfungaji alikuwa Haller yuleyule ambaye uponyaji wake ulitutoa machozi siku nne baadaye. Goli moja, na ndani yake shukrani ya nyumba moja na majonzi ya nyumba nyingine.

Wako ndugu wanaomaliza swali hili haraka kwa kusema Mungu hana habari na mipira. Hatuwezi kuwafuata. Bwana aliyesema kwamba nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa hawezi kuwa hajali mguu wa kijana uliovunjika au moyo wa mama anayemtazama mwanawe akipiga penalti. Tunaamini anawajali wote ishirini na wawili walioko uwanjani, na wale wa akiba, na refa pia. Ndiyo maana hatuthubutu kusema amempenda mmoja na kumwacha mwingine kwa sababu ubao wa magoli umeonyesha hivyo.

Kilichomo katika ushindi

Mwezi wa Julai na Agosti macho ya dunia yalihamia Paris kwenye Olimpiki. Huko tulijifunza jinsi nafasi kati ya mshindi na mshindwa ilivyo nyembamba.

Katika fainali ya mita 100 ya wanaume, tarehe 4 Agosti, Noah Lyles wa Marekani na Kishane Thompson wa Jamaika walifika pamoja kiasi kwamba wao wenyewe hawakujua nani ameshinda. Wote wawili waliandikiwa sekunde 9.79. Ikabidi picha isomwe hadi sehemu ya elfu ya sekunde, na Lyles akapewa dhahabu kwa tofauti ya sehemu tano za elfu. Hata kope haiwezi kufumba na kufumbuka katika muda huo. Na yule wa mwisho, Oblique Seville wa Jamaika, alifika kwa sekunde 9.91. Muda huo ungempa dhahabu katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, ambako mshindi alitumia sekunde 9.96. Mwaka 2024 ulimpa nafasi ya nane. Ni miguu ileile na bidii ileile, na mwaka tu ndio uliotofautiana.

Siku sita baadaye ilikimbiwa marathoni ya wanaume. Mshindi alikuwa Tamirat Tola wa Ethiopia, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 26, rekodi mpya ya Olimpiki. Lakini Tola hakuwa amechaguliwa kukimbia. Alikuwa mchezaji wa akiba. Aliingia kwa sababu mwenzake Sisay Lemma aliumia. Bila shaka Tola alijiandaa vilivyo. Asiyejiandaa hawezi kuitwa akaja kuvunja rekodi. Hata hivyo mlango wa ushindi wake ulifunguliwa na maumivu ya mtu mwingine. Akishukuru, atashukuru kwa lipi? Kwa nguvu alizopewa, sawa. Kwa nafasi, sawa. Kwa kuumia kwa Lemma, hapana.

Na katika mbio hizohizo Eliud Kipchoge wa Kenya, bingwa wa Olimpiki mbili mfululizo, alishikwa na maumivu. Tulimwona yule tuliyezoea kumwona mbele akirudi nyuma, kisha akitembea, kisha akisimama kabisa baada ya kilomita 30 hivi. Aliwagawia watazamaji wa kando ya barabara viatu na jezi yake. Hatukuona mtu aliyeachwa na Mungu. Tulimwona mtu wa miaka 39 ambaye mwili wake ulimwambia imetosha.

Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri, katika sura ya 9, alikwisha kuyaona haya: kwamba mwenye mbio hashindi kila mara, wala mwenye nguvu, kwa kuwa wakati na bahati huwapata wote. Zamani tulikuwa tukiusoma mstari huo kama maneno ya mtu aliyekata tamaa. Mwaka ule tuliuona kuwa ni maneno ya mtu mkweli. Ndani ya kila ushindi kuna bidii, na kipawa ambacho mtu hakujipa, na kocha, na wazazi waliolima ili mtoto apate viatu, na hali ya hewa, na jeraha la mpinzani. Mkristo anayeijua orodha hiyo atashukuru zaidi, na atajisifu kidogo.

Mnara wa Siloamu

Kifo cha Kiptum kilipotangazwa, tulisikia katika mazungumzo yetu wenyewe watu wakitafuta maelezo ya kiroho. Mmoja alisema huenda kuna mkono wa mtu. Mwingine alisema alipanda juu haraka mno. Mwingine akauliza kama alikuwa ameokoka. Hatukuwa wabaya, tulikuwa na hofu. Kijana wa miaka 24, mwenye mwili imara kuliko sisi sote, akifa barabarani usiku, tunatafuta sababu ambayo sisi hatunayo ili tulale.

Bwana Yesu alikutana na hofu hiyohiyo. Katika Luka sura ya 13 anataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Huwa tunasahau upande wa pili wa jibu lake. Ikiwa walioangukiwa na mnara hawakuwa wabaya zaidi, basi walionusurika nao hawakuwa wema zaidi. Mlango tuliomfungia mwenye msiba asihukumiwe unamfunga pia mwenye bahati asijitukuze.

Je, basi mshindi asimshukuru Mungu? Amshukuru sana. Tarehe 8 Agosti kijana wa Botswana, Letsile Tebogo, alishinda mita 200 kwa sekunde 19.46, dhahabu ya kwanza ya nchi yake katika historia yote ya Olimpiki. Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa Mei, miezi mitatu kabla. Alikimbia na kumbukumbu ya mama yake imeandikwa kwenye viatu, na baada ya kushinda alivua kiatu akakionyesha kwenye kamera. Botswana nzima ilipewa mapumziko ya nusu siku kushangilia. Katika kijana yuleyule tuliona taji na msiba, na hakuna kimoja kilichofuta kingine. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Mungu alimpenda Agosti na kumchukia Mei.

Tumepata kipimo kimoja ambacho tunakitoa kwa wasomaji wakijaribu. Shukrani njema ni ile tunayoweza kuisema mbele ya mama wa aliyeshindwa. Tukiweza kusema, "Namshukuru Mungu kwa afya, kwa nguvu na kwa siku hii," na yule mama akaitikia Amina, tumeshukuru vema. Lakini tukisema, "Mungu amenipigania, amewaaibisha adui zangu," na yule mama aliyesali usiku kucha anatusikia, maneno hayo yanamchoma mtu ambaye Mungu huyohuyo anampenda. Hapo tumeiacha shukrani, tumeanza majigambo. Tofauti ni kwamba tumeyavika nguo za ibada.

Mtu wa 44

Tarehe 11 Agosti, siku ya mwisho ya Olimpiki, wanawake walikimbia marathoni. Mwisho wake ulikuwa wa kusisimua. Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia aliyeingia Uholanzi akiwa mkimbizi wa miaka 15, alikuwa ameshapata medali za shaba katika mita 5,000 na mita 10,000, na sasa akampita Tigst Assefa wa Ethiopia mwishoni kabisa na kushinda kwa sekunde tatu. Hellen Obiri wa Kenya akawa wa tatu. Watatu wakapatikana, tukasimama kwenda kwenye shughuli zetu.

Rebecca Cheptegei wa Uganda alikuwa bado barabarani. Alimaliza wa 44, dakika tisa na ushee nyuma ya mshindi. Hatukulijua jina lake, ingawa mwaka 2022 huko Thailand alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani.

Tulilijua wiki tatu baadaye. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, nyumbani kwake Endebess katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, mwanamume aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kanisani na binti zake wawili. Wazazi wake walisema alinunua kiwanja na kujenga hapo ili awe karibu na mahali pa mazoezi. Taarifa za polisi zilitaja ugomvi wa ardhi hiyo. Alifariki tarehe 5 Septemba katika hospitali mjini Eldoret, akiwa na miaka 33. Mwanamume naye alikufa kwa majeraha ya moto huohuo siku chache baadaye. Rebecca alizikwa Bukwo, Uganda, kwa heshima za kijeshi, maana alikuwa pia askari. Meya wa Paris alitangaza kwamba mji wake utakipa kiwanja cha michezo jina la Rebecca.

Hakuwa wa kwanza. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mkimbiaji wa Kenya, aliuawa nyumbani kwake Iten wiki chache tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake pekee. Taji halikumkinga. Fedha za mbio hazikumkinga. Mara nyingine ndizo zinazoleta ugomvi ndani ya nyumba.

Alikuwa anatoka kanisani. Tumeshindwa kuipita sentensi hiyo. Hatuwanyoshei kidole waumini waliosali naye asubuhi ile. Tunajiuliza sisi.

Tunajiuliza kwa sababu tunajua ibada zetu zilivyo. Tuna muda wa ushuhuda na sadaka ya shukrani. Aliyefaulu mtihani husimama, aliyepata kazi husimama, aliyepona husimama, aliyenunua kiwanja husimama, na sisi hupiga makofi na vigelegele. Ni jambo jema, tusiliache. Lakini kwa mwaka mzima hatuna nafasi kama hiyo kwa mtu aliyebaki wa 44. Dada aliyevuta mtandio ufunike jicho hana mahali pa kusimama katika ratiba ile. Na akithubutu kumwambia mmoja wetu pembeni, mara nyingi tumemjibu: vumilia, mwombee mwenzako, mambo ya nyumbani hayatoki nje. Tumemrudisha kule alikotoka akiwa na mstari wa Biblia mkononi.

Hapa ndipo swali la Februari lilipotufikisha. Tulidhani kusema "Mungu amempa ushindi" ni kosa dogo la ulimi, la kusamehewa kwa washabiki wa mpira. Sasa tunaona lina mtoto. Usharika unaofundishwa kila Jumapili kwamba kufanikiwa ni dalili ya kupendwa na Mungu, unafundishwa pia, bila mtu kulitamka, kwamba kuteseka ni dalili ya kuachwa. Mwanamke anayepigwa akiamini hivyo, atayaona mateso yake kuwa aibu ya kiroho. Atanyamaza ili asionekane kuwa imani yake imeshindwa. Ataimba pambio pamoja nasi, atapokea baraka ya mwisho, na atarudi nyumbani kwenye hatari. Mafundisho mabaya juu ya ushindi humziba mdomo anayehitaji kupiga kelele.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wanariadha. Jirani na mji wao yalifanyika mashindano ya Isthmia, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo aliwasifu kwa kujinyima kwao, kisha akawakumbusha kwamba taji lile hunyauka. Mwishoni mwa maisha yake, akimwandikia Timotheo, anasema amemaliza mbio na kuilinda imani. Hataji ameshika nafasi ya ngapi. Tena taji analolitazamia hasemi ni la mmoja. Anasema ni la wote wanaomngojea Bwana kwa upendo. Mashindano ya namna hiyo hayana mshindwa wa lazima. Kumshika mkono mwenzako hakukupunguzii kitu.

Kamba iliyoachiwa

Tarehe 8 Septemba, siku tatu baada ya Rebecca kufariki, Paris ilifunga Olimpiki ya watu wenye ulemavu. Asubuhi ile ilikimbiwa marathoni ya wanawake wasioona vizuri. Mkimbiaji wa namna hii anaweza kukimbia na kiongozi, wameunganishwa kwa kamba fupi mkononi, na kanuni zinakataza kuiachia kabla ya mstari wa mwisho. Elena Congost wa Hispania, aliyekuwa bingwa wa Rio mwaka 2016, alikuwa wa tatu na hakuna aliyekuwa karibu nyuma yake. Zikiwa zimebaki mita chache, kiongozi wake alikazwa na misuli, akayumba na kutaka kuanguka. Elena akaachia kamba kwa nukta chache ili amdake. Kisha akaishika tena, wakavuka mstari pamoja. Majaji wakamwondoa kwenye matokeo, na siku ile medali ya shaba ikaenda kwa mwingine.

Tumeijadili habari hii kwenye jumuiya na hatukukubaliana kila kitu. Wapo waliosema kanuni ni kanuni, na kwamba majaji hawakukosea. Yawezekana. Lakini hatukupata hata mmoja aliyesema kwamba Elena alikosea. Mkono wake ulimwona mwenzake kabla akili haijahesabu hasara. Wote tulitamani kuwa na mkono kama ule.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo machache, na tunayaandika hapa ili tushikane mashati tukiyasahau. Tutakapoiombea timu ya taifa, tutawaombea na wapinzani wake kwa sauti ileile, ili wote wacheze kwa haki na kurudi salama kwa mama zao. Tutakaposhangilia aliyefanikiwa, hatutasema jambo ambalo aliyekosa hawezi kuliitikia Amina. Katika ratiba ya ushuhuda tutaweka nafasi kwa wale ambao mambo hayajawanyookea, nao watasikilizwa bila kuulizwa wamekosea wapi. Na dada au kaka akituambia kwamba nyumbani kwake hapako salama, hatutampa kwanza mstari wa kuvumilia. Tutamuuliza kama anaweza kulala pale usiku huo, na kama hawezi, tutamtafutia mahali pa kulala na mtu wa kumsindikiza kwenda kutoa taarifa.

Huenda kwa kufanya hivyo tutachelewa kumaliza ibada, na mechi ya jioni itaanza hatujafika. Matokeo tutaambiwa.